Chujio la Ndege na Kofia ya Baba

Jumatatu, 3 Juni 2024
Ndege yangu ya rimoti imezimika tena. Mara ya nne! Injini ya petroli, mabawa ya mita mbili, kazi ya mikono yangu hapa Kapata, inashindwa na uchafu wa petroli ya chupa za barabarani. Ndani ya tangi kuna mrija laini wa mpira wenye uzito mwishoni, unafuata petroli popote ndege inapoinamia. Mwishoni pale panataka chujio. Sina.

Jumamosi wakwe wa binti yangu Noëlla wanaleta mahari. Wakiingia tu, ndege juu ya vichwa vyao! Msemaji wa familia ni mimi, lakini Stany, mdogo wangu, anaeneza kwamba mtu anayechezea ndege hafai kuisemea familia. Mwenye wivu.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa Kabemba, fundi wa misumeno ya injini. Akanitolea chujio dogo la sufu iliyoshindiliwa. “Tata Mwamba, beba ile. Mi natumikaka nayo.” Akaniambia kuzuia uchafu hakutoshi, lazima petroli ipite haraka. Nilikuwa nimeshalipokea. Ndipo akasema Stany alipita asubuhi kumwomba anichagulie zuri.

Stany! Nikalirudisha mezani. Afadhali nitembee kwa miguu hadi Tenke.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa ilikuwa kabatini miaka yote! Kofia ya marehemu Baba, sufu ileile iliyoshindiliwa. Sasa ni ya mkubwa wa familia, ndiye mimi. Nimekata kipande utosini, kama kiganja, nikakizungusha mara tatu kwenye ncha ya mrija ndani ya tangi. Injini imenguruma polepole uani dakika ishirini bila kukohoa. Jumamosi nitaivaa kofia hivyohivyo. Mimi ni mrefu, nani ataona utosi wangu?

Stany amepita kuchungulia, akaniita kaka mkubwa kwa heshima: “Yaya, kofia ya Baba iko wapi?” Nikamjibu iko kabatini. Sikudanganya.

Jumamosi, 8 Juni
Wakwe waliingia, ndege ikapaa, akina mama wakapiga vigelegele. Nikaipa injini nguvu zote. Ikahema, ikanyamaza. Sufu ya mara tatu haikupitisha petroli ya kutosha. Ndege ikaangukia katikati ya mbuzi wa mahari, wakakata kamba, na wakwe wakawafukuza hadi relini wakiwa na suti zao.

Hilo ningelimeza. Lakini kwetu msemaji huvua kofia ya marehemu, huikinga kwa mikono miwili, na bahasha ya mahari hutiwa humo. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni. Nikalisahau! Tata Kalala, mjomba wa bwana harusi, akaitia bahasha. Ikapitiliza hadi vumbini. Na kwetu, ukiiachia bahasha ianguke, umeikataa mahari. Kalala akageuka aondoke. Noëlla akalia mbele ya watu wote, na kilio hicho bado nakisikia.

Stany akaokota bahasha, akaomba radhi, akavua kofia yake mpya, wakaanza upya. Shangazi Mbuyu, ambaye neno lake ndilo la mwisho kwetu, akatamka: “Kuanzia leo Stany njo atasemea famille. Weye Mwamba, bakia na bindege yako.” Hakuna aliyenitetea. Hata mmoja!

Jumapili, 9 Juni
Misani Noëlla ameketi kando ya Stany. Hakunisalimu. Inaniuma, sioni haya kuandika. Nimekaa nyuma yao wakati wote wa mahubiri, nikitafuta kosa lilikuwa wapi.

Nimelipata. Kofia ya Baba! Kuukuu, nene mno, imejaa mafuta ya nywele. Kabemba mwenyewe alisema petroli ipite haraka. Kofia ya Stany ilikuwa juu ya benchi, karibu na goti langu. Nimeigusa. Sufu mpya, ya kijivu, nyembamba vizuri. Ingetoa machujio sita, saba ukianzia utosini.

Jumapili baada ya chakula Stany hulala kama gogo. Mkasi nimeshaunoa.