Namba Tisa wa Mama Amini

Jumanne, 2 Septemba

Leo nimekuwa kocha! Mimi! Mtu ambaye mpira nimewahi kuushika mara moja tu, ulipodondokea kwenye karai langu la samaki.

Sababu ni Hamduni. Baba watoto yuko Buhemba kwenye mashimo ya dhahabu tangu Tausi, kitinda mimba wetu, hajaota jino. Shimo limegoma. Kila akipiga simu sauti iko chini kama ya mtu aliye msibani. Basi siku moja, ili acheke tu, nikamwambia Amini wetu kapangwa namba tisa kwenye Chipukizi, timu ya watoto wa hapa Manyamanyama. Akacheka! Simu iliyofuata nikampa Amini goli. Iliyofuata mawili. Moja nilisema kafunga kwa kichwa. Mpaka sasa Amini ana magoli mengi kuliko timu yenyewe.

Ukweli: Amini ana miaka minane na akiuona mpira anaupisha kama anavyopisha ng'ombe wa watu. Kocha Lukas alikuwaga anamweka nje alinde ndala za wenzake. Anazipanga vizuri sana, hilo lazima niseme.

Jana Hamduni kasema Jumamosi ya tarehe kumi na tatu anakuja Bunda kumuona mwanae akicheza. Shimo zima linajua habari za namba tisa. Nilikaa chini pale pale jikoni, sufuria mkononi.

Halafu leo Mungu kafungua mlango. Lukas kapata kazi ya lori Mwanza, kaondoka. Tukaitwa wazazi uwanjani, mwenyekiti wa mtaa akauliza nani anajitolea kufundisha watoto. Kila mtu anatazama vidole vyake vya miguu. Nikanyoosha mkono. Jirani yangu Nyamburi, Mama Ryoba, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akaniuliza mbele ya watu kama kuotea nakujua. Nikamjibu nitakujua kesho.

Acha acheke. Anayepanga timu ni kocha. Nimemaliza kazi!

Alhamisi, 4 Septemba

Kocha ana kazi nyingine pia. Sikuambiwa.

Filimbi imeshindikana. Nikipuliza tu, Tausi mgongoni anapasuka kulia. Nimeiacha, nimechukua mfuniko wa sufuria na mwiko. Nikigonga, wote wanakuja mbio kwangu. Wanapenda! Mama Ryoba kapita kasema nawafundisha watoto wa watu kama kuku. Nimemwambia kuku wangu wanasikia kuliko mume wake.

Kuotea nimefundishwa na fundi cherehani wa pale kona, kwa vifungo vya shati. Nimewaeleza watoto hivi: usitangulie kukaa mlangoni kwa watu unangoja mpira kama mwizi. Wameelewa wote. Lukas aliwaelezaga mwaka mzima.

Sasa dhambi yangu. Namba tisa wa kweli ni Ryoba, mtoto wa Nyamburi. Huyo mtoto mpira unamfuata wenyewe. Nimemtoa mbele, nimemweka golini, mbele nimemweka Amini. Mama yake kanuna, kaondoka bila kuaga. Ryoba hakununa. Kasema tu, sawa kocha.

Kaniita kocha! Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeenda Butiama kupeleleza. Hao ndio tutacheza nao, wanakuja kwetu Jumamosi ijayo. Nilisema naenda kukubaliana saa ya mechi, kumbe macho yangu yako kazini.

Kocha wao ni Mzee Magesa, mkulima, mtu wa kanisani, mvi kichwa kizima. Nilimkuta na jembe anasawazisha uwanja, halafu anafagia vinyesi vya mbuzi kabla watoto hawajafika. Nikampa shikamoo, nikauliza mtoto wake ni yupi kati ya hawa. Akasema hana mtoto humu. Wa mwisho yuko Musoma ana watoto wake.

Mjukuu? Hana humu. Wanamlipa? Alicheka. Anataka uenyekiti wa kijiji? Akasema binti, mimi hata zizi langu linanishinda. Sasa unafundishia nini, mzee? Akakaa juu ya jembe akafikiri kweli kweli. Akasema hata yeye hajui, ila saa kumi ikifika, miguu inakujaga yenyewe.

Nimekaa na hilo jibu njia nzima. Mtu hawezi kufagia vinyesi vya mbuzi bila sababu. Mzee anaficha kitu.

Halafu watoto wake wanakimbia! Wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Tumekwisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemfundisha Amini nyumbani, mpira wa soksi. Kapiga mara nne. Tatu hewani, moja kampiga jogoo. Jogoo kamkimbiza. Mtoto kapanda juu ya ndoo, kaniuliza kwa upole, mama, baba akija si tunaweza kwenda naye kula tu?

Kula!

Mara wazo likaja, nikambusu paji la uso. Wageni wakifika kwetu lazima wale, hiyo hata mtoto mdogo anajua. Sasa nikiwawekea watoto wa Butiama ugali wa udaga kabla ya mechi? Ule mzito, wa muhogo uliovundikwa, ukila unatafuta kivuli mwenyewe. Na sato wa kukaanga wa kujilamba vidole, si ndiyo kazi yangu? Washibe mpaka macho yawe madogo. Wangu nitawaficha nyuma ya madarasa ya shule pale uwanjani na njaa yao, wepesi kama karatasi. Watamuachia Amini njia. Atafunga hata kwa bahati mbaya.

Peke yangu siwezi kusonga ugali wa watu wote wale. Nikaenda kwa Mama Ryoba, nikaomba radhi nusu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kasema Mama Amini, wewe una akili ya fisi. Kakubali. Ila kaweka sharti: kipindi cha pili Ryoba arudi mbele. Nikakubali. Kipindi cha pili Amini atakuwa na magoli yake tayari.

Ijumaa, 12 Septemba

Hamduni kapiga. Anakuja kesho. Sauti iko juu! Kaniuliza Amini anajisikiaje. Nikasema ana hamu sana.

Amini alikuwa chini ya kitanda.

Nilipiga magoti nikamchungulia. Nikamwambia baba yake ametoka mbali, anataka kuona kitu kizuri kimoja tu. Akasema atasimama pale mbele, ila mpira usije. Nikamwahidi nitajaribu kuuzuia. Ni mama gani anasema hivyo? Kocha gani?

Jumamosi, 13 Septemba

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Butiama wamefika wametoka jasho, wana njaa. Safi! Masinia yakashuka. Ugali unatoa moshi, sato wamepangana, mboga ya mgagani pembeni. Watoto wakanawa wakakaa. Hakuna aliyeanza.

Mzee Magesa akaangalia huku na huku, akauliza wenyeji wako wapi. Nikasema wameshakula. Akauliza wamekula lini, mbona wageni hawakungojwa. Nikasema hawana njaa. Akasema basi na sisi hatuna. Sisi tule, nyie mtutazame? Tuko polisi? Watoto wake wote mikono mapajani, wanameza mate, hakuna anayegusa. Nimewaona wana adabu, nikawachukia.

Nikiwa natafuta uongo mwingine, Mama Ryoba akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kudondosha ugali uliogandia.

Ngo! Ngo!

Wanangu wote wakatoka nyuma ya madarasa mbio, Ryoba mbele, kama nilivyowafundisha. Wakasimama mbele yangu, kifua nje. Mzee Magesa akafurahi sana, akasema si hawa hapa, karibuni wanangu, sogeeni. Wageni wakasogea, wenyeji wakaingia katikati, sinia kwa sinia. Walikula! Walikula wote! Amini alirudia. Refa, Mwalimu Werema, naye kaitwa akaja na kijiko chake.

Basi mechi. Kipindi cha kwanza walitembea. Mmoja wa Butiama alikaa katikati ya uwanja kutoa mwiba, hakusimama tena. Mpira ukitoka nje wanatazamana nani ataufuata. Kipindi cha pili Werema alichezesha amekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo bodaboda ikaingia, Hamduni nyuma, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Kakonda. Kanipungia. Nikapunga kwa mwiko.

Ryoba alikuwa mbele sasa, kama tulivyokubaliana. Tumbo limejaa lakini ni Ryoba, kawapita wote kama wamepandwa pale. Golini kipa wa Butiama kaegemea mlingoti. Kalala! Kabisa, mdomo wazi! Ryoba angefunga tu. Ila alimuangalia baba yake Amini pale kwenye bodaboda, halafu akampasia Amini. Taratibu. Miguuni kabisa. Mama yake nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi.

Goli tupu. Amini na mpira. Nikapiga kelele piga! Mama Ryoba naye, piga mwanangu! Mpaka Mzee Magesa nimemsikia piga, kijana, piga!

Amini akaukanyaga ule mpira. Hakuukimbia. Akauacha pale, akaenda mpaka kwa kipa, akamgusa bega. Akamwambia amka, mpira umekuja. Kipa akaamka, akafuta mate, akashukuru. Amini akarudi kwenye mpira, akapiga. Kipa akaudaka.

Bila bila. Werema akamaliza kutoka kwenye kiti.

Sikuweza kumtazama Hamduni. Nikajifanya naosha masinia.

Jumapili, 14 Septemba

Chai na vitumbua, sote wanne. Nikaanza kueleza kwamba uwanja una bonde, na jua lilikuwa usoni. Hamduni akaniwekea kitumbua mdomoni ninyamaze.

Anajua! Anajua tangu lile goli la kichwa. Kasema Amini anainamaga hata kwenye kamba ya kuanikia nguo isiyomfikia, atafunga vipi kwa kichwa? Sasa kwa nini alikuwa anauliza kila siku? Kasema kule shimoni jioni wanakaa wote kimya, na simu ikiita wanasogea kusikiliza Mama Amini kasema nini leo. Kuna mzee mmoja kutoka Bugwema analitaka lile la kichwa lirudiwe. Shimo halijatoa kitu, ila stori inatoka kila wiki. Mpira hakuufuata. Katufuata sisi.

Na jana? Kasema alitaka kucheka, akashindwa, macho yalikuwa yamejaa vumbi. Mtoto kasimama goli tupu, kamuamsha mgeni. Kasema hiyo ndiyo atawapelekea shimoni, na hatazidisha hata neno.

Nimelia kidogo kwenye chai.

Amini kaona wakati ni mzuri, kasema basi yeye mpira hataki tena, arudi kwenye ndala zake. Alikubali kucheza kwa sababu mimi nikitoka uwanjani naimba njia nzima kurudi. Eti naimba. Sikujua.

Kwa hiyo yameisha. Hamduni karudi Buhemba, Amini hachezi, sina sababu ya kuwa kocha. Kesho narudisha mipira kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jumatano, 17 Septemba

Jumatatu nilienda kurudisha mipira. Njia inapita uwanjani. Ilikuwa saa kumi. Watoto walikuwa pale wote wamepanga mstari, Ryoba kashika mfuniko wangu kwa mikono miwili. Amini kapanga ndala kwa ukubwa. Sasa ningefanya nini? Nikagonga. Jana nikagonga tena. Leo nimefika kabla yao, nimeondoa mavi ya ng'ombe golini kwa jembe la Mama Ryoba. Kaniuliza Mama Amini, wewe sasa unafundishia nini, na mwanao hachezi?

Swali la kijinga. Mimi si kama yule Mzee Magesa anayeficha mambo. Sababu yangu ninayo. Tausi! Atakua huyu. Nikiachia nafasi sasa hivi, wakati huo nani atampanga? Nimefikiria mbali.

Tarehe nne mwezi ujao tunaenda Butiama kurudiana. Safari hii wageni ni sisi, kwa hiyo hawawezi kunikatalia zawadi. Nabeba unga wa udaga na sato. Nitawaambia wenyeji kwamba wangu wote wamefunga, hata wale wa kanisani. Haiwezi kushindikana.

Hamduni kapiga mchana. Sauti ilikuwa imeanza kushuka tena, na nyuma yake nilisikia watu wamesogea wananyamaza. Ikabidi. Nikamwambia Tausi kapiga mpira leo, mguu wa kushoto, kama risasi. Makelele yaliyotoka kule shimoni! Yule mzee wa Bugwema kauliza umbali gani. Nikasema kutoka katikati ya uwanja.

Tausi hajaanza kutembea. Lakini hilo si tatizo. Wakiuliza, nitasema ameumia goti.