Mkia wa Jogoo wa Rangwi

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Siku ya ishirini na moja! Leo mayai yanaanguliwa. Kumi na mawili ya kuku wetu, kumi ya kuku wa Bibi Zuhura, mjane jirani yetu hapa Magamba. Ana kuku mmoja tu. Nilimsihi amlete kwa jogoo wangu.

Na jogoo gani! Nilimpata kule kijiji cha Rangwi kwa kubadilishana na mbuzi wa mke wangu Rahabu, yule wa maziwa. Mkia kama mundu, mweusi wa kung'aa kijani, unaburuzika chini. Nilimweleza Rahabu kwamba kwa kuku, mkia ndio mbegu. Akajibu kwamba mkia wa mbuzi wake ulikuwa mfupi, lakini watoto walikunywa.

Jioni. Kimya. Hakuna hata mlio mmoja.

Jumatano, 5 Septemba
Nimevunja yai moja. Viza! La pili. Viza! Yote ishirini na mawili! Nyumba nzima imeziba pua.

Bibi Zuhura akaja. Vifaranga vile alitaka kuvikuza ili binti yake Tatu apate mchuzi akijifungua mwezi wa Januari. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Baba Klara, mimi nilikuamini," akambeba kuku wake akaenda zake.

Na Mzee Issa, ng'ambo ya bonde! Jogoo wake hana mkia, kicheche aliunyofoa. Ua wake umejaa vifaranga kama siafu. Nilimpa shikamoo, nikamwuliza siri. Akasema hajui, jogoo hajamwambia.

Usiku. Sipati usingizi. Sasa nimeelewa: mkia wa jogoo wangu bado mfupi!

Alhamisi, 6 Septemba
Nimeokota manyoya manne marefu ya ndege hondohondo ukingoni mwa msitu. Nimeyabandika mkiani kwa ulimbo. Jogoo anatembea kama chifu!

Saa saba mchana: kuku wetu mwekundu amenata mkiani. Saa nane: wawili. Wanavutana kuzunguka migomba, wanapiga kelele mpaka majirani wametoka shambani. Rahabu akaja na mafuta ya taa, akawabandua mmoja mmoja.  

Jumamosi, 8 Septemba
Rahabu amemwita Bwana Mifugo wa Lushoto. Kijana mdogo, viatu vimejaa tope. Akamgeuza jogoo miguu juu mbele ya watu wote, Mzee Issa akiwa mstari wa mbele. Akasema mkia ni pambo tu. Ukitaka jogoo wa mbegu, tazama miguu, kifua na uchangamfu. Huyu ni mzima kabisa, ila manyoya yamesongamana chini ya mkia, mbegu haifiki. Akaomba mkasi. Akapunguza kidogo pale nyuma. Basi!

Mbuzi wa Rahabu. Mchuzi wa Tatu. Vyote vimepotea kwa kosa la kutibika kwa mkasi!

Nilijificha nyuma ya nyumba nikalia. Rahabu akanikuta. Akasema, "Mpeleke jogoo kwa Bibi Zuhura. Akae huko mpaka vifaranga vitoke." Akarudi jikoni.

Jumapili, 9 Septemba
Nimempeleka. Bibi Zuhura alimtazama jogoo muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akampokea jogoo. Mimi hakunikaribisha ndani.

Njiani nilitembea kichwa chini. Mimi ni mtu bure. Rahabu ana haki. Sitabuni jambo tena maishani mwangu.

Jumatatu, 10 Septemba
Lakini hesabu ni hesabu! Bwana Mifugo alipunguza kidogo. Je, mtu akiyaondoa manyoya yote, shingoni mpaka mkiani? Mbegu itapita kama maji mferejini! Milima yote hii hakuna fundi wa kunyoa majogoo. Mimi ndiye wa kwanza.

Nimeuchukua mkasi Rahabu akiwa shambani. Naanza na jogoo wa mchungaji wa kanisa letu. Mchungaji mwenyewe yuko Tanga hadi Ijumaa. Atashangaa!