Kambare wa Kujitegemea

Jumatatu, 1 Machi 1976
Mbu wa kijitoni hawavumiliki. Mwisho wa mwezi tunachagua balozi wa nyumba kumi. Mpinzani wangu ni jirani, Mzee Mwinyimvua, mfuga bata. Ameahidi watu majembe na kuzibua kijito. Majembe! Mimi nina akili. Kambare hula kila kitu. Kwa hiyo atakula viluwiluwi wa mbu, na hakuna atakayetoka jasho. Sokoni Kariakoo nimeongea na Bakili, dereva wa lori la mboga. Ataniletea kutoka Ruvu.

Jumamosi, 6 Machi
Siku kubwa. Bakili kaleta pipa zima, kambare wanene kama mkono wangu. Nilihutubia juu ya kujitegemea, kisha tukawamwaga kijitoni. Makofi. Mmoja aliponyoka, akajiburuta kwenye matope hadi barazani kwa Mwinyimvua. Mzee akasema huyo amekuja kumpigia kura. Watu walicheka kupita kiasi.

Mke wangu Hyasinta aliuliza kama kambare anajua kuchagua chakula. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumamosi, 20 Machi
Mbu wameongezeka. Ajabu. Bata mchanga wa Mwinyimvua kamezwa mchana kweupe. Nilisema huenda ni mwewe.

Jioni Hyasinta alipasua kambare mmoja. Tumbo limejaa vijisamaki vya kijitoni, kiluwiluwi hata mmoja hayumo. Mwinyimvua alichungulia, akatikisa kichwa.

“Bwana Onesphory, hivyo vijisamaki ndivyo vilivyokuwa vinakula viluwiluwi. Umeajiri wezi, wamewala walinzi.”

Nilimwomba chumvi.

Jumamosi, 27 Machi
Mtaa mzima umeingia kijitoni kuwatoa kambare. Vikapu, vyandarua, kanga. Niliongoza kwa kuteleza. Maji yalinifika kifuani, kambare akaingia ndani ya shati, nikacheza ngoma ambayo kwetu Mahenge haijawahi kuonekana. Bi Zamda, jirani wa pili, alilia kwa kicheko hadi akakaa majini.

Kisha karamu. Hyasinta alikaanga, Bi Zamda akapika ugali, mtu akaleta ngoma. Sijawahi kuona mtaa wetu umefurahi namna ile. Katikati ya kula wakapiga kura ya balozi. Nilinyoosha mkono kuomba pilipili. Ukahesabiwa. Mwinyimvua kapita bila kupingwa, hata na mimi.

Alinipa kichwa cha samaki, sehemu ya heshima. Kitamu mno. Nilimpongeza kwa moyo mweupe, mdomo ukiwa umejaa.

Jumapili, 28 Machi
Balozi mpya amekwenda Msimbazi na watoto kutafuta vijisamaki vya kurudisha. Kazi ya subira. Lakini vitaliwa tena.

Maana kambare wachache bado wamejificha chini ya daraja. Dawa yao nimeipata. Bakili anasema huko Rufiji kuna mnyama anayewala kambare kama karanga, na mtoto wake anaenea ndani ya kikapu. Nimeagiza wawili, dume na jike. Anaitwa fisi maji. Jina linatisha kidogo. Mtaani nitamtambulisha kama paka.