Farasi wa Barcelona Msibani Macquarie Fields

Fidelis alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya gereji ya Bwana Whitlock, upande wa Sydney wenye bahari na pesa, alipomsikia tajiri akijigamba kwenye simu.

"Pegaso, bwana! Kiwanda cha malori Barcelona. Miaka ya hamsini wakaamua kuunda gari la mbio. Magari yenyewe hayakufika hata mia! Siku moja nitampata mjinga asiyejua alichonacho."

Fidelis akaacha kusugua. Kumbe mjinga anatafutwa, na nafasi iko wazi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa corona. Mwaka wa kwanza serikali iliwaambia wanafunzi wa kigeni kama Fidelis warudi kwao. Karo zao haikuziambia zirudi. Sasa mwenye nyumba huko Kensington alikuwa amempa Fidelis mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi alipe kodi au atoke.

Akanunua mtandaoni nembo ya lori bovu la Pegaso, farasi anayeruka, akaibandika puani mwa Corolla chakavu ya rafiki yake Mzee Lazare, Mrundi wa Macquarie Fields, upande wetu usio na bahari wala pesa. Akalifunika gari turubai, akaacha nembo tu, akapiga picha. Kisha akamwandikia Whitlock kwamba kuna mzee anauza gari la zamani, tena kwa Kiingereza kibovu, yeye mwenye shahada ya uchumi, maana kizuri kingemtia tajiri wasiwasi.

Whitlock akajibu hapo hapo. Kwa gari la bei ya jumba la kifahari angetoa dola elfu kumi, "kwa kukuonea huruma."

Ikabaki njia ya kumleta. Mji ulikuwa umefungwa. Huku kwetu tuliletewa askari na helikopta. Kule kwao watu waliota jua ufukweni. Kuvuka kuliruhusiwa kwa msiba, na msiba mwisho watu kumi.

Mzee Lazare akafa kwa corona. Fidelis akalia saa nzima, machozi ya kweli. Saa iliyofuata akampigia Whitlock.

"Mwenye gari amefariki. Njoo uzike."

Whitlock akaja na suti nyeusi na maua, akakaa kiti cha kumi uani. Mpwa wa marehemu, Arakaza, alikosa nafasi, akawa analilia kwenye simu. Mjane, Mama Fébronie, alikaa karibu na kapu la rambirambi. Kapu lilikuwa jepesi, na jeneza lilikuwa halijalipiwa.

Mpango ulikuwa bahasha ikabidhiwe nyuma ya nyumba. Lakini Whitlock alikuwa hajatoa macho kwenye turubai la gari pale uani. Mwombolezaji mmoja alipoliegemea, akaingiwa na hofu ya kuzidiwa kete, akamsukumia Fidelis bahasha pale pale.

"Eh! Bahasha!" Mama Fébronie akaidaka. Msibani kwetu bahasha ina njia moja tu, ya kapuni. Akaifungua mbele ya wote. "Elfu kumi! Mzungu huyu amemzika Lazare! Merci, papa, merci!"

Waombolezaji wakasimama.

"Mama, hiyo ni..." Fidelis akaanza.

"Lile gari..." Whitlock naye akaanza.

Polisi wawili walikuwa wamesimama getini wakihesabu vichwa. Mmoja akamgeukia Whitlock. "Wewe, umetoka mbali. Umekuja msibani au kufanya biashara?"

"Msibani," Whitlock akasema haraka. "Marehemu alikuwa rafiki yangu mkubwa."

"Basi rafiki aseme neno," akasema Mama Fébronie.

Whitlock akasema alichoweza: kwamba mtu kama yule hatapatikana tena. Mama Fébronie akashukuru, akamshika mkono na kulivuta turubai. "Ona, papa. Gari aliyopenda Lazare."

Whitlock akaitazama Corolla. Akawatazama polisi. Akalia, na hapo hakuna aliyeweza kusema anaigiza.

Jioni Fidelis alikuwa jikoni akiosha sufuria. Mama Fébronie akaweka nembo ya farasi mbele yake.

"Hii chuma, mwanangu, nilikuona kwa dirisha ukiibandika. Lazare alicheka mpaka akakohoa."

"Mama, samahani. Ijumaa mimi..."

"Ijumaa unafukuzwa, najua. Chumba iko hapa. Kodi yako ni hizo sufuria." Akamsogezea sahani ya maharage na ndizi. "Kula. Halafu uniambie: Anésie wa Bankstown amefiwa, kapu lake halina kitu. Hauna rafiki mwingine tajiri?"