Fundo Lisilofunguka

Jumatatu, 6 Februari 1950, Nachingwea

Kambi ya karanga inatafuta mnyapara wa kamba, awafundishe wapakiaji kufunga mizigo. Ni mimi! Nani mwingine? Saturnini, utingo wa lori, naye anaitaka kazi hiyo. Fundo lake akivuta ncha tu, linafunguka. Na anajisifu! Nikamwambia fundo linalofunguka si fundo. Akaniuliza, "Mzee Kaimu, mzigo unafungwa ufike au uzikwe?" Mjinga.

Nyumbani kuna mfuko wa mbegu za ufuta. Marehemu mke wangu Hajira aliufunga kwa ugwe wa gome kabla hajaugua. Pembeni aliacha kitanzi kidogo kama sikio. Urembo tu. Haujafunguka mpaka leo. Hilo ndilo fundo!

Jumatano, 8 Februari

Nimefundisha. Wapakiaji hupitisha ncha ya kulia juu mara zote mbili, fundo linakaa upande na kuteleza. Vichwa vigumu! Kulia juu, kisha kushoto juu. Mwishowe wameelewa. Kisha nikaamuru kamba za katani ziloweshwe pipani, maana Hajira alilowesha gome kabla ya kufunga. Saturnini akasema katani si gome, ikilowa fundo halitafunguka. Nikacheka. Kwani nataka nini?

Ijumaa, 10 Februari

Jaribio. Nilifunga magunia ya unga kwenye lori kwa mkono wangu. Hayakutikisika! Msimamizi akafurahi. Kisha akaamuru yashushwe. Tukavuta. Tukang'ata. Mvua ikaanza, unga ukalowa. Wapakiaji wakapiga kelele, "Mwalimu, njoo ufungue!" Kamba mpya zikakatwa kwa panga. Unyapara kapewa Saturnini. Fundo langu limeshinda meno ya kambi nzima, na bado hawalioni!

Jumapili, 12 Februari

Shemeji Mwantumu amekuja kutoka Ruangwa kutaka mbegu za dada yake, wakati wa kupanda unapita. Nikamwonya kwamba fundo lile halifunguki. Akavuta kitanzi. Likafunguka! Akasema, "Shemeji, dada alifunga mbegu zipandwe."

Harufu ya ufuta ikajaa chumba. Nikatoka nje kidogo.

Bila shaka gome lilikuwa limezeeka. Mwantumu amechukua nusu. Nusu iliyobaki nimeifunga upya kwa katani iliyolowa barabara. Sasa afungue nani! Kesho naenda Ruangwa kuwafundisha, huko hawajui kitu.

Kitanzi sikuweka. Sina mkono wa urembo kama wake.