Mnazi Wangu Katikati ya Uwanja wa Gofu

Jumatatu, 2 Agosti 1948
Balaa! Bwana Mrefu, mzungu wa uwanja wa gofu hapa Kisauni, anaongeza shimo jipya, na njia yake inapita pale pale penye mnazi wangu. Mnazi ninaougema asubuhi na jioni! Tembo lake, pombe safi, halina mfano, Mishomoroni mpaka Utange. Tsofa, nyapara wa wakata nyasi, keshaupaka chokaa ukatwe. Kisha, bila haya, kaja kwangu kuazima shoka. Nimemwambia ni butu. Kasema atalinoa mwenyewe, akalichukua.

Jumanne, 3 Agosti
Nimemwendea Bwana Mrefu. Nikamweleza kwamba kwa mashimo, pwani nzima hakuna anishindaye: visima, vyoo, makaburi, yote nimechimba. Kacheka hadi kofia ikaanguka. Kasema shimo zuri la gofu si kile kitundu chenye bendera tu, ni njia nzima ya kukifikia, na njia hiyo lazima imuulize mchezaji swali: utapita wapi? Nikamjibu mnazi wangu unawauliza watu hivyo tangu enzi za babu yangu. Kaokota kofia, kasema: Haya, Jumamosi wageni watacheza. Wasipoupenda, Tsofa aukate.

Jumatano, 4 Agosti
Akili ninayo! Nitauzungushia mnazi mashimo ya mchanga, wageni wanase kama panya. Aliyeteseka hasahau. Nyevu, mke wangu, kadakia: baba Kafedha, ukitega kila mahali mtu hachezi, anakwenda zake, mwachie mwoga njia yake na shujaa yake. Nikamuuliza gofu kaijulia wapi. Kasema kuishi na mimi kumemfunza.
Jioni. Nimemaliza shimo moja tu, la kushoto. Mpini wa jembe umekatika, na kiuno nacho. Kulia kumebaki wazi. Aibu! Tsofa kapita, kauliza kama hilo ni kaburi la mnazi au langu.

Jumamosi, 7 Agosti
Mnazi haujui wageni. Usipouchonga kila asubuhi tembo linakauka. Nikapanda mapema. Wageni wakawahi! Nikabaki juu, kimya, nimekumbatia makuti. Chini yangu Tsofa, na shoka langu linang'aa.
Wa kwanza kapiga kushoto, njia ya mkato. Mpira ukazama mchangani. Wa pili kazunguka kulia polepole, kafika salama, wa mwisho, wenzake wakamcheka. Wa tatu, bwana mnene wa ndevu nyekundu, kaamua kupita juu. Paa! Mpira ukapasua kibuyu changu, tembo lote likamwagikia Tsofa, mpira ukadunda, ukabingirika mpaka kwenye bendera!
Kelele! Mnene kasema kacheza nchi nyingi na mashimo yake kayasahau, ila hili atawasimulia wajukuu: njia tatu, chagua mwenyewe, ujute mwenyewe. Bwana Mrefu kainua macho, kaniona. Kaamuru mnazi ubaki, mzee ashuke, na shimo liachwe vivi hivi, asiliguse mtu. Nikashuka kama sultani.

Jumapili, 8 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa napanga. Ikiwa mnazi mmoja umesifiwa hivi, je, safu nzima? Nitaipanda kutoka ukingo hadi ukingo, kila mmoja na kibuyu chake. Kulia nako nitachimba, kusipitike. Nyevu kanikumbusha kwamba mgeni alisifu kuchagua njia. Upuuzi! Alisifu tembo.
Nimekwenda kwa Tsofa kuazima jembe. Bado ananukia. Kasema ni butu.
Nimemwambia nitalinoa mwenyewe.