Kimeng'enya Hakielei

Jumatatu, 8 Julai. Kolkata. Mvua tangu alfajiri.

Kikao cha idara kimekwisha sasa hivi. Damu bado inachemka. Ijumaa mwanafunzi wangu Konika Hazra anaitetea tasnifu yake ya udaktari. Mtahini wa nje ni Profesa Vasundhara kutoka Hyderabad. Sawa. Mtahini wa ndani ni Nirmalya Dhar.

Dhar! Mtu ambaye miaka yote hii anaandika kwamba kile kimeng'enya kinachobeba ishara ndani ya misuli ya moyo kinaelea ovyo katika seli, kama jani bwawani. Mimi naandika kwamba kimetiwa nanga kwenye utando wa seli, kando kabisa ya mlango wa kalsiamu kinaouamuru. Ukishtuka, moyo unaruka papo hapo. Kama kimeng'enya kingekuwa kinazurura, ishara ingekikuta wapi? Kibandani, kinakunywa chai na Dhar.

Konika ameipata protini inayofanya kazi ya nanga. Matokeo safi. Lakini akianguka Ijumaa, ufadhili wake unaisha mwezi huu, naye anarudi kwao Bankura kufundisha watoto hesabu kwenye baraza la mjomba wake. Na mimi nitapishana na tabasamu la Dhar ngazini kila asubuhi mpaka nistaafu.

Haitatokea. Nina mpango.

Jumanne, 9 Julai

Nimemweleza Konika. Hatuonyeshi michoro tu. Tunafanya jaribio pale pale, mbele ya watahini. Moyo wa mbuzi. Tunausaga, tunauosha kwa maji, tunauzungusha kwenye ile mashine kubwa. Tando zinazama na kuwa mashapo chini ya neli. Vyote vinavyoelea vinabaki katika maji ya juu. Kisha tone la dawa: palipo na kimeng'enya panageuka waridi. Mashapo yatageuka waridi, Dhar atageuka kijivu.

Konika akasema kwa upole kwamba jaribio hilo ameshalifanya mara nyingi, limo ndani ya tasnifu, hakuna mtahini aliyeliomba, na Ijumaa yenyewe inamtia hofu ya kutosha. Nikamwambia vita havishindwi kwa upole. Akaniomba basi, angalau, nisishike chombo chochote.

Vijana wana mizaha.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa ziada. Nilimwalika Dhar kwa chakula cha mchana, eti tupatane. Lengo: ashibe, alegee, aropoke maswali ya Ijumaa. Mke wangu Sutapa alipika ilish kwa haradali, yule samaki wetu wa msimu wa mvua, mtamu na mwenye miiba kama nywele. Mtoto wa kwetu hujifunza kuichambua kwa ulimi kabla hajajua kuandika.

Dhar alikula vipande vyote vya tumbo. Miiba akaipanga pembeni ya sahani bila hata kutazama, huku akimsifu Sutapa. Swali la Ijumaa hakulitoa hata moja. Nikaona nimchokoze. Nikamwambia nadharia yake ni ya mtu ambaye hajawahi kushika moyo. Nilisema hayo nikiwa na samaki mdomoni.

Mwiba ukanasa kooni.

Fedheha gani hii! Mbengali, profesa, kukabwa na ilish nyumbani kwake! Nilimeza matonge ya wali mkavu mpaka machozi yakatoka. Dhar akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Taratibu, kaka," akasema. "Huo nao umetia nanga."

Sutapa alicheka. Nilimsikia.

Alhamisi, 11 Julai

Mwiba umetoka, sauti haijarudi. Natoa mlio wa kufuli lenye kutu. Daktari amenikataza kusema kwa siku kadhaa. Mimi! Kunyamaza!

Na kuna jambo baya zaidi. Nimemwona Dhar akitoka kwenye chumba chetu cha kuoshea vyombo. Anadai alikuwa anatafuta sukari. Sukari, katika maabara ya moyo! Hujuma ina harufu, na mimi nina pua.

Nikamwashiria Konika aende nyumbani akapumzike. Alisitasita mlangoni, akaondoka. Nikazikusanya neli zote za kesho nikaziosha mwenyewe kwa sabuni nzito ya maji, tena na tena. Sikuzisuuza. Bomba letu linatoa kutu. Kusuuza ni kuchafua upya. Nimeziacha zikauke na utelezi wa sabuni.

Zinang'aa.

Ijumaa, 12 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Moyo niliununua mwenyewe soko la Gariahat, ungali na joto, nikauleta ndani ya barafu. Konika alisaga, akaosha, akapakia neli zangu. Mashine ikazunguka. Konika alikuwa akiliminya pindo la mtandio wake mpaka vidole vikawa vyeupe. Mashine ikasimama. Dawa ikadondoka.

Mashapo: meupe. Maji ya juu: waridi. Waridi ya harusi.

Yaani kinaelea. Mbele ya Profesa Vasundhara!

Konika akaishika meza. Mimi nikasimama kumshtaki Dhar kwa hujuma. Kikatoka kilio cha kufuli. Nikamnyooshea kidole. Dhar hakujali. Aliinua neli kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa kidogo, akatazama povu likipanda.

"Kaka Bhabatosh, huu moyo umeupima au umeufua?"

Profesa Vasundhara akauliza nani aliosha neli. Nikainua mkono, kichwa juu.

Dhar akasema, bila utani sasa, kwamba jaribio limeharibika, haliwezi kuthibitisha lolote, na mtahiniwa arudi mwaka ujao. Mwaka ujao! Bankura. Baraza la mjomba. Nikafungua mdomo, pakatoka hewa tupu. Ikabidi Konika aseme mwenyewe.

"Profesa Dhar, kingekuwa kinaelea, maji matupu yangetosha kukitoa. Sabuni inayeyusha mafuta, na utando ni mafuta. Naomba nitumie neli zangu nilizozisuuza mwenyewe, na nyama iliyobaki. Upande mmoja maji matupu, upande wa pili sabuni. Mkikikuta kinaelea kwenye maji matupu, nafunga begi langu leo hii."

Dhar akasema binti huyu ana ulimi. Vasundhara akasema ana hoja, aanze.

Sijawahi kuisikia mashine ile ikinguruma muda mrefu hivyo. Mvua ilipiga vioo. Dhar alitafuna mkono wa miwani yake. Konika alisimama ameiegemea mashine, kiganja juu ya kifuniko, kama anayepima homa ya mtoto.

Maji matupu: mashapo waridi, juu hakuna kitu. Sabuni: juu waridi, mashapo meupe.

Kilikuwa kimeshikwa! Sabuni ndiyo iliyokifungua!

Dhar akamuuliza Konika swali moja, na lilikuwa swali zuri, laana: je, ukiikata nanga tu, utando ukaachwa mzima, kitatoka? Konika akasema ameshaikata, na kimeng'enya kikatoka bila sabuni, ukurasa mzima upo ndani ya tasnifu. Dhar akafungua, akasoma, akasoma tena. Akatia sahihi.

Daktari Konika Hazra. Alikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yalitikisika.

Jumamosi, 13 Julai

Leo naona mambo yote kwa utulivu. Ushindi wa jana ulikuwa mkakati wangu tangu mwanzo, ila niliupanga kwa kina mno hata mimi mwenyewe nikausahau.

Konika alikuja asubuhi na boksi la sandesh, vile vitamutamu vyetu vya maziwa. Akainama kunigusa miguu, akanishukuru kwa yote. Kisha, akitazama sakafu, akasema Profesa Dhar amempa kazi katika maabara yake ya ghorofa ya juu, naye amekubali, anaanza Jumatatu. Aliongeza kwamba kule ataosha vyombo vyake mwenyewe. Sauti yangu bado. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Sutapa anasema msichana wa watu amekimbia. Sutapa haelewi vita. Kwa mara ya kwanza nina jasusi ndani ya maabara ya Dhar! Yeye mwenyewe hajui bado kwamba ni jasusi. Nitampandia juu nimweleze, sauti ikirudi tu.